Chamwino: Tofali la Amri na Ngoma ya Hiari

Mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, Mwalimu Nyerere alipiga kambi Chamwino akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Tumezoea kuutaja mfano huo kila tunapohimizana kujitolea. Lakini tuseme kweli: wapo waliohamia vijiji vipya kwa hiari, na wapo waliosukumwa. Tofali la hiari na tofali la amri hukaushwa na jua lile lile, huwezi kuyatofautisha kwa macho.

Ngoma haina siri hiyo. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alikuwa mtoto wa Dodoma, lakini jukwaa lake likawa Bagamoyo. Mwaka 2009 mtafiti wa muziki Kedmon Mapana alianzisha tamasha la muziki wa Wagogo hapo hapo Chamwino. Safari hii hapakuwa na operesheni. Vikundi vilitoka vijijini na zeze, malimba na ngoma zao.

Nami nilikwenda mwaka mmoja, kinasa sauti begani. Nikamwuliza mama mmoja wa muheme analipwa kiasi gani. Akacheka, akasema yeye ameleta ngoma. Je, mimi nimeleta nini? Sikuwa na jibu.

Tangu mwaka 2016 Serikali imekuwa ikihamia Dodoma, na majengo yanapanda. Majengo yana bajeti. Uwanja wa ngoma unategemea watakaofika. Ndugu zangu, tamasha lijalo tusiende mikono mitupu.