Nguzo Kando ya Reli: Mikataba Iliyoikuza Western Union

Mwezi Mei 1903, wafanyakazi wa kampuni ya reli ya Pennsylvania, Marekani, walishika mashoka wakaanza kuangusha nguzo za telegramu zilizopangana kando ya njia yao. Nguzo hizo zilikuwa za Western Union, kampuni ya telegramu iliyozishinda zote nchini humo kwa ukubwa. Maelfu zililazwa chini, nyaya zikakatwa. Mkataba kati ya kampuni hizo mbili ulikuwa umekwisha, na reli ilikataa kuandikiana mwingine.

Wengi tukisikia telegramu humkumbuka Samuel Morse na ufundi wake. Lakini kwa maoni yangu, utajiri wa biashara ile ulitoka kwenye mikataba.

Morse mwenyewe alianzia kwenye reli. Bunge la Marekani lilimpa dola 30,000 mwaka 1843, naye akapitisha waya wake kutoka Washington hadi Baltimore ndani ya hifadhi ya reli ya Baltimore and Ohio. Kwanza nyaya zilizikwa ardhini ndani ya mabomba ya risasi. Umeme ukawa unavuja, ikabidi zitundikwe kwenye nguzo. Tarehe 24 Mei 1844 ujumbe ukafika. Njia ya reli ilikuwa na faida iliyo wazi: msitu umeshafyekwa, hakuna kumbembeleza kila mwenye shamba, na treni inabeba nguzo na mafundi.

Wenye reli walichelewa kuona faida yao. Mwaka 1851 Charles Minot, msimamizi wa reli ya Erie, alikuwa ndani ya treni iliyosimama ikisubiri kupishana na nyingine katika njia moja. Alituma telegramu stesheni ya mbele, akaagiza treni ile izuiwe, kisha akamwamuru dereva aondoke. Dereva alikataa katakata. Inasimuliwa kwamba Minot aliendesha mwenyewe, na dereva akaenda kukaa behewa la mwisho kabisa, akiogopa kugongana. Walifika salama.

Tangu hapo kila upande ulimhitaji mwenzake, na Anson Stager wa Western Union akawa bingwa wa kuwafunga pamoja kwa maandishi. Reli ilitoa njia, ikasafirisha vifaa na mafundi bure, na karani wake wa stesheni akapokea telegramu za wateja. Western Union ilitoa nyaya na mitambo, na habari za mwendo wa treni zikatangulizwa. Mikataba mingi ilikuwa na kifungu kimoja kizito: kampuni nyingine ya telegramu isiruhusiwe kusimika nguzo hapo. Mshindani alibaki kuhangaika barabarani, akijenga ofisi zake na kulipa makarani wake, huku Western Union ikiwa na dirisha katika stesheni baada ya stesheni.

Njia ile, hata hivyo, haikuwa yake. Baada ya mashoka ya Pennsylvania, Western Union ilitegemea sheria ya 1866 iliyoruhusu nyaya za telegramu kupita kwenye njia za posta, reli zikiwemo. Mwaka 1904 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba sheria hiyo haikuipa haki ya kutwaa ardhi ya reli bila ridhaa ya mwenyewe.