Furu wa Ziwa Victoria Waliohamishiwa Ughaibuni

Ghuba ya Mwanza ndiyo inayolitenga jiji la Mwanza na maeneo ya Sengerema na Geita. Mwaka 1977, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuchunguza hapo samaki wadogo ambao wavuvi huwaita furu. Katika Ziwa Victoria mlikuwa na aina zao zaidi ya 500.

Kisha sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wengine, akatamba. Alipandikizwa upande wa Uganda miaka ya 1950, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 alikuwa ameijaza ghuba. Aina nyingi za furu zikatoweka. Ni hasara kubwa mno kwa ziwa lolote.

Baadhi ya furu walishavushwa wakiwa hai hadi kwenye matangi ya Ulaya na Marekani. Samaki wa safari hanyimwi chakula siku moja kabla kwa ukatili, bali asichafue maji atakayokaa ndani yake. Mfuko wa kumsafirishia hutiwa maji kidogo, sehemu kubwa ikabaki oksijeni, kisha hufunikwa, kwani giza humtuliza. Akifika, mfuko huelea tangini mpaka joto lilingane, na maji mapya huongezwa polepole. Jike huatamia mayai mdomoni. Akishtuka safarini huyatema au kuyameza, kizazi kizima kikapotea.

Mwaka 1993 bustani za wanyama za Marekani ziliweka mpango maalumu wa kuwazalisha furu hao. Furu aina ya Haplochromis perrieri ameendelea kuishi matangini tu. Ghubani kwenyewe, baada ya sangara kuvuliwa sana, furu mwingine, Haplochromis pyrrhocephalus, aliongezeka tena miaka ya 1990, akiwa na matamvua makubwa kuliko ya mababu zake.