Tundu la Inchi Tano: Jinsi Serikali Zilivyojaribu Kulinda Samaki wa Ziwa Viktoria

 

Leo tunaiacha kahawa na mahindi, tunasema habari za samaki. Najua wako watakaouliza: sisi watu wa mlimani tuna haja gani na uvuvi? Wako wazee wa hapa ambao hata leo samaki hawamgusi. Lakini dagaa wa Mwanza wapo sokoni kwetu, watoto wetu wanawala, na bei ikipanda sisi ndio tunaotoa fedha. Kwa hiyo yatupasa kujua ni nani anayemlinda samaki huyo kabla hajafika kwetu, na ulinzi huo ulianzaje.

Tuanze na wavu wenyewe. Nyavu ziitwazo makila hutegwa majini zikasimama kama ukuta. Samaki huja akatia kichwa katika tundu. Kichwa kikipita na mwili usipite, amekwisha kunaswa kwa mashavu. Aliye mdogo hupita akaenda zake. Basi ukubwa wa tundu ndio unaochagua nani afe na nani aishi. Tundu hupimwa kwa kulivuta mpaka linyooke, ukapima toka fundo hata fundo. Kikumbuke kipimo hicho, maana sehemu kubwa ya historia ya leo imo ndani yake.

Watu wa kando ya Ziwa walikuwa wakivua tangu kale kwa migono, ndoana na mitego ya matete, wakala na kubadilishana na jirani zao. Mwaka 1901 reli iliyotoka Mombasa ilifika Ziwani, mahali paitwapo sasa Kisumu. Mwaka 1905 nyavu za kitani kutoka Ulaya zikaingizwa katika Ghuba ya Kavirondo, ambayo leo huitwa Winam. Sasa samaki akawa mali ya kusafirishwa kwa garimoshi na kuuzwa mjini. Aliyetafutwa kupita wote alikuwa ngege, samaki mtamu, mwenye kutamia mayai yake kinywani. Haikupita miaka mingi, wavuvi wa ghuba ile wakaanza kuona kwamba wavu uleule, mahali palepale, unaleta samaki wachache zaidi.

Serikali ya Waingereza ikamwita mtaalamu wa mambo ya samaki, Bwana Michael Graham. Alilizunguka Ziwa mwaka 1927 na 1928, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1929. Alitoa mashauri mawili yaliyo makubwa. La kwanza, mtu asivue ngege kwa wavu ambao tundu lake ni dogo kuliko inchi tano, ili kila ngege apate kuzaa kabla ya kukamatwa. Mfugaji wa hapa hahitaji kuelezwa jambo hilo: nani amchinjaye mtamba kabla hajazaa? La pili, Ziwa lote liwe na mamlaka moja ya kuhesabu samaki na kuchungua hali yao, kwa kuwa samaki hajui mpaka wa Kenya, wala wa Uganda, wala wa Tanganyika.

Angalia sasa yaliyotokea. Shauri la kwanza lilikuwa rahisi kuliandika, likawa sheria katika miaka ya 1930. La pili lilihitaji fedha na watu, likakawia mpaka mwaka 1947, ilipoanzishwa Idara ya Uvuvi ya Ziwa Viktoria, makao yake Kisumu, pamoja na kituo cha uchunguzi huko Jinja. Yaani kwa miaka zaidi ya kumi palikuwa na sheria, wala hapakuwa na jicho moja la kuitazama kwa Ziwa zima. Mimi naona kasoro kubwa ilianzia hapo, wala haikuanzia kwa mvuvi.

Kazi ya idara hiyo ilikuwa ya namna tatu. Ilihesabu, yaani watumishi wake walikaa katika mialo wakiandika samaki walioshushwa na nyavu zilizotumika. Ilipima matundu na kuzikamata nyavu zilizovunja sheria. Tena ilifundisha wavuvi. Lakini Ziwa lile lina ukubwa wa kilometa za mraba kama 68,000, mialo yake haihesabiki kwa vidole, na mvuvi hutoka usiku. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja nyavu za nailoni, nyepesi, ngumu, zisizooza upesi kama za kitani, na injini za mtumbwi pia. Mvuvi aliyeshika sheria akarudi na samaki wachache. Jirani yake mwenye wavu wa inchi nne akajaza mtumbwi. Utamwambia nini huyu wa kwanza, naye ana ada ya shule ya kulipa?

Wakubwa wa uvuvi walishindana wao kwa wao. Wengine walisema sheria isiyoweza kushikwa yafaa ifutwe. Tena, wako samaki wengi ambao hata wakikomaa hubaki wadogo, nao wanapita bure katika tundu la inchi tano huku watu wana njaa. Neno hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini wavu wa tundu dogo haumwulizi samaki kama ni mzima wa jamii ndogo au mtoto wa ngege. Ilipofika mwaka 1957, Tanganyika na Uganda zilikuwa zimekwisha kuifuta sheria. Kenya ikafuata mwaka 1961. Idara yenyewe ya Ziwa zima ilivunjwa mwaka 1960, kazi zake zikagawiwa kila nchi. Kwa muda samaki waliongezeka mialoni, watu wakafurahi. Kisha wavuvi wakashuka kwenye matundu madogo zaidi, na ngege akazidi kuadimika.

Juu ya hayo sangara aliletwa Ziwani kutoka maji mengine tangu miaka ya 1950. Alikaa kimya karibu miaka ishirini na mitano, halafu katika miaka ya 1980 akalijaza Ziwa, akawala furu wadogo kwa mamia ya aina. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza. Habari zake ni ndefu, zinastahili somo lake peke yake.

Nchi yetu, baada ya kujitawala, ilitunga Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970, na nyingine mwaka 2003. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi ilianzishwa mwaka 1980. Mwaka 1994 nchi tatu zilitia sahihi mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, makao yake Jinja. Hesabu yake ni hii: shauri la pili la Bwana Graham lilitimizwa mwaka 1947, likavunjwa mwaka 1960, likafufuliwa baada ya miaka thelathini na minne.

Mwaka 1999 nchi za Ulaya zilikataa kununua sangara kwa miezi kadha, kwa sababu watu wengine walikuwa wakivua kwa sumu. Viwanda vikakosa soko, na maumivu yakawafikia hata waliovua kwa halali. Katika miaka hiyohiyo Serikali ilianza kuunda vikundi vya ulinzi vya wavuvi wenyewe katika mialo, viitwavyo BMU, kwa kuwa Bwana Samaki mmoja hawezi kulinda pwani nzima. Hata hivyo nguvu haikuachwa. Mwaka 2018, katika Operesheni Sangara, nyavu nyingi haramu zilikamatwa na kuchomwa, na malalamiko ya wavuvi yakafika hata Bungeni. Wengine walisema nyavu hizo walizinunua dukani mchana kweupe. Swali lao lilikuwa la haki: kwa nini mkono wa sheria umfikie mvuvi majini kabla haujamfikia mwenye duka na mwenye kiwanda cha nyavu?

Linganisha na Ziwa Tanganyika. Huko nchi zinazolizunguka zilikuwa zimekwisha kukubaliana juu ya kulipumzisha Ziwa, na upande wetu uvuvi ukasimamishwa toka tarehe 15 Mei hata 15 Agosti, 2024. Ziwa likifungwa hivyo, mtumbwi ulio majini huonekana wazi kuwa na kosa, wala hapana haja ya kupima tundu usiku. Lakini miezi mitatu bila mtumbwi ni miezi mitatu bila mapato.

Kwa vikundi vya kusikiliza: siku ya soko nendeni na futi ya fundi cherehani. Sheria inakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimeta 50. Mpimeni sangara mzima, mbichi au mkavu, toka mdomoni hata ncha ya mkia, mkikumbuka kwamba kukausha humpunguza kidogo. Kisha jadilianeni: akikutwa mfupi, ni nani kati ya mvuvi, mchuuzi, mwenye duka la nyavu na mnunuzi anayepaswa kuulizwa kwanza?