Lokichoggio: Ndege za Chakula, Kalamu ya Khartoum

Mwaka 1988 njaa iliua watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 kusini mwa Sudan, wengi wao Wadinka wa Bahr el Ghazal. Ukame ulichangia, lakini mkono wa binadamu ulizidi: wanamgambo waliopewa silaha na serikali walipora ng'ombe na kuchoma vijiji, na Khartoum haikutaka chakula kifike kwa waasi wa SPLA.

Mwaka uliofuata mkuu wa UNICEF, James Grant, alizungumza na Waziri Mkuu Sadiq al-Mahdi, akazungumza pia na John Garang wa SPLA. Hakwenda mikono mitupu: alikuwa na mfano. Mwaka 1985 huko El Salvador, serikali na waasi walikuwa wamesitisha vita kwa siku chache ili watoto wachanjwe. Aprili 1989 Operesheni Lifeline Sudan ikaanza. Serikali imeridhia Umoja wa Mataifa uwalishe watu walio mikononi mwa adui yake, nani angeamini?

Lokichoggio, kijimji cha Turkana karibu na mpaka wa Kenya na Sudan, kikageuka kituo kikubwa cha ndege za misaada. Ndege aina ya Hercules zilipakia nafaka hapo, zikaidondosha bila kutua. Gunia lilivikwa gunia jingine, ili la ndani likipasuka nafaka isimwagike, na watu wa chini waliondolewa kwanza wasije wakaangukiwa.

Lakini ruhusa ilikuwa na mwenyewe. Kila mwezi orodha ya viwanja vya ndege ilipelekwa Khartoum, na Khartoum ilikata majina ilivyotaka. Huko vijijini nako makamanda wa SPLA walijichotea fungu lao, hata baada ya kutia saini kanuni za mwaka 1995 zilizosema msaada ni wa raia. Grant alipata alichoweza kupata. Kosa, kwa maoni yangu, ni waliomfuata kuizoea orodha ile kana kwamba ni karatasi ya ofisini tu.

Januari 1998 kamanda Kerubino Kuanyin Bol aliushambulia mji wa Wau, na maelfu wakakimbilia porini. Khartoum ikapiga marufuku ndege kwenda Bahr el Ghazal, Februari hadi mwishoni mwa Machi. Ziliporuhusiwa tena, viwanja vilikuwa vichache, na wenye njaa wakavifuata kwa miguu. Kufikia katikati ya mwaka, kijiji cha Ajiep kilikuwa kimefurika watu waliofuata chakula, na wengi walifia hapohapo penye mgao.