Mlango Ulioachwa Wazi: Jinsi Vyuo vya Marekani Vilivyolazimishwa Kutaja Uhalifu Wake

Mwaka 1894 askari wawili wa mji wa New Haven, katika jimbo la Connecticut, walipangiwa zamu ya aina mpya. Badala ya kuzunguka mitaa, walitakiwa kushinda ndani ya Chuo Kikuu cha Yale, wazoeane na wanafunzi na kutuliza ugomvi kati yao na wenyeji. Waliitwa William Wiser na James Donnelly, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa polisi wa kwanza wa chuo nchini Marekani.

Kwa nini Yale ilihitaji polisi? Miaka 70 kabla ya hapo, mwaka 1824, maiti ya msichana iliyofukuliwa kaburini ilikutwa ndani ya chuo cha udaktari cha Yale, na wenyeji wenye hasira wakalizingira jengo hilo. Walimu wa udaktari wa zama zile walihitaji maiti za kufundishia, na njia halali za kuzipata zilikuwa chache mno, kwa hiyo watu waliokuwa wakizika wapendwa wao waliishi na hofu. Hofu hiyo iligeuka uvumi, na uvumi ukadumu vizazi. Wapo wanaoeleza kuja kwa Wiser na Donnelly kwa uvumi huo. Wengine hutaja fujo za mitaani, ambako wanafunzi walipambana mara kwa mara na vijana wa mjini. Kwa maoni yangu maelezo hayo mawili ni kitu kimoja, kwa sababu yote yanamweka askari mahali pamoja, yaani mpakani kati ya chuo na mji. Hatari ilidhaniwa kupita langoni, ama ikiingia ama ikitoka. Kumlinda mwanafunzi dhidi ya mwanafunzi mwenzake halikuwa jukumu la askari wale.

Jukumu hilo lilikuwa la chuo chenyewe, kikiwa katika nafasi ya mzazi. Wazo hilo Wamarekani walilirithi kutoka Uingereza: mzazi akishamkabidhi mwanawe chuoni, mamlaka yake ya ulezi huhamia kwa walimu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mabweni ya wasichana yalikuwa na saa maalumu ya kurudi usiku, mama mlezi alikaa karibu na mlango, na mgeni wa kiume aliishia sebuleni. Msomaji aliyesoma shule ya bweni ataitambua hali hiyo bila maelezo zaidi. Lakini ulezi huo ulikuwa na upande wa pili, kwamba chuo kilichojiona mzazi kilijiona pia na haki ya kumfukuza mwanafunzi bila kumsikiliza.

Upande huo wa pili ndio uliouangusha. Mwaka 1960 wanafunzi Weusi wa chuo cha jimbo la Alabama, mjini Montgomery, waliketi katika mkahawa wa jengo la mahakama ambao ulihudumia Wazungu peke yao, na baadhi yao wakafukuzwa chuoni bila hata kuelezwa kosa. Mwaka 1961 Mahakama ya Rufaa ya shirikisho iliamua kwamba chuo cha umma hakiwezi kufanya hivyo; mwanafunzi ni raia, na ana haki ya kujua shtaka lake na kujitetea. Uamuzi ulikuwa wa haki, nao ulifungua mlango wa mabadiliko makubwa. Katika miaka iliyofuata saa za kurudi bwenini zilifutwa, mama walezi wakaondoka, na mabweni mengi yakawa ya wavulana na wasichana pamoja.

Vyuo vilipovua joho la mzazi, havikuvaa lingine. Mwaka 1966 mtu mwenye bunduki alipanda mnara wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin na kuwaua watu waliokuwa chini, kisha yakaja maandamano ya kupinga vita vya Vietnam, na vyuo vingi vikaunda polisi wake wenye silaha. Lakini polisi hao waliangalia zaidi fujo na umati. Kuhusu maisha ya kila siku ya mwanafunzi mmoja mmoja, mahakama zilielekea kusema kwamba yeye sasa ni mtu mzima. Mwaka 1979, katika kesi iliyotoka Pennsylvania, majaji walitamka kwamba chuo cha kisasa si mdhamini wa usalama wa wanafunzi wake. Mwaka 1983 mahakama kuu ya Massachusetts ilielekea upande mwingine: binti aliyetolewa bwenini kwa nguvu na kubakwa alistahili fidia, kwa kuwa chuo kilichoweka kufuli na walinzi kimeshakubali kwamba kina wajibu wa kulinda. Sheria, basi, ilikuwa njia panda.

Katika njia panda hiyo familia ya Clery ilikuwa ikimtafutia binti yao chuo. Jeanne alikuwa mtoto wa mwisho na msichana pekee. Kaka zake walisoma Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans, naye alikipenda. Wazazi wake, Howard na Connie, walisita waliposikia kwamba mwanafunzi wa kike wa Tulane aliuawa nje ya chuo. Wakachagua Lehigh, chuo kilicho juu ya kilima katika mji mdogo wa Bethlehem, Pennsylvania, si mbali sana na nyumbani, chenye miti mingi na majengo ya mawe. Walifanya yale ambayo mzazi yeyote angefanya: walikwenda, wakatazama, wakapenda walichokiona.

Tufike sasa kwenye milango, kwa kuwa juu yake ndiko historia hii inakogeuka. Bweni la Jeanne liliitwa Stoughton. Milango yake ya nje ilijifunga yenyewe kwa kufuli kila ilipoachiwa, na aliyekuwa nje alihitaji ufunguo. Usiku wa Ijumaa wanafunzi huingia na kutoka, wageni wana njaa, rafiki amesahau ufunguo, na kila mara mtu ateremke ngazi kwenda kufungua. Basi mtu huchukua boksi tupu la piza, hulikunja, hulisokomeza kati ya mlango na fremu, na mlango haujifungi tena. Anayefanya hivyo hana nia mbaya, anamsaidia mwenzake. Alfajiri ya tarehe 5 Aprili 1986 mtu mmoja alipita katika milango mitatu iliyoegeshwa hivyo, akapanda hadi ghorofa ya tatu, akaingia katika chumba ambacho hakikuwa kimefungwa. Jeanne, mwenye umri wa miaka 19, alikuwa amelala. Alibakwa na kuuawa. Aliyemuua hakutoka mjini wala hakuruka ukuta, kwani alikuwa mwanafunzi wa chuo hicho hicho. Mahakama ilimhukumu kifo, na miaka mingi baadaye adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha.

Wazazi wangeweza kulichukua tukio hili kama ajali ya usiku mmoja. Lakini walipoanza kuuliza, walipata kujua kwamba katika miaka mitatu kabla ya kifo cha binti yao, makosa 38 ya kutumia nguvu yalitokea katika eneo la chuo. Hawakuwa wameambiwa kabla ya kumwandikisha Jeanne. Chuo, kwa upande wake, hakikuvunja sheria kwa kunyamaza, kwa sababu sheria ya kukitaka kiseme haikuwapo. Hapa uchungu wa familia ulipata jina. Walikikwepa Tulane kwa sababu ya habari moja waliyoisikia, wakachagua Lehigh kwa sababu ya habari nyingi ambazo hawakuzisikia.

Je, vyuo vilinyamaza kwa nini? Jibu jepesi ni kwamba viliogopa kupoteza wateja, nalo lina ukweli, maana wazazi hulipa fedha nyingi na vyuo hushindania watoto. Lakini kulikuwa na sababu nyingine iliyokuwa ya kale zaidi. Kwa mazoea yaliyobaki kutoka enzi za ulezi, kosa la mwanafunzi lilipelekwa kwa mkuu wa wanafunzi badala ya hakimu, na wizi, kipigo, hata ubakaji viliweza kumalizwa ofisini kama utovu wa nidhamu. Chuo kilikuwa kimeacha kulinda kama mzazi, huku kikiendelea kuficha kama mzazi. Mimi naiona sababu hii ya pili kuwa nzito kuliko ya kwanza, kwa kuwa hata watu waadilifu waliifuata bila kujiona wanadanganya.

Howard na Connie Clery walikishtaki chuo, na kesi ikaisha kwa maelewano nje ya mahakama. Mwaka 1987 waliunda shirika la kutetea usalama vyuoni, wakaanza kugonga milango ya wabunge. Mwaka 1988 Pennsylvania ilipitisha sheria ya kuvitaka vyuo vitoe takwimu za uhalifu, na majimbo mengine yakafuata. Tarehe 8 Novemba 1990 Rais George H. W. Bush alitia saini sheria ya nchi nzima, ambayo mwaka 1998 ilipewa jina la Jeanne Clery.

Nguvu ya sheria hiyo iko mahali ambapo msomaji huenda asipategemee. Haikuamuru kufuli za aina fulani, wala haikutaja idadi ya walinzi. Ilishika mfuko. Chuo chochote ambacho wanafunzi wake wanapata mikopo na ruzuku za serikali kuu, na hivyo ni karibu vyote, kinapaswa kila mwaka kuchapisha ripoti yenye hesabu ya makosa ya miaka mitatu iliyopita: mauaji, ubakaji, unyang'anyi, kuvunja na kuiba, uchomaji wa majengo na mengineyo. Mwanafunzi na mfanyakazi wapewe ripoti hiyo, na anayefikiria kujiunga aweze kuipata. Likitokea kosa ambalo bado ni tishio, chuo kitoe onyo kwa wakati. Marekebisho ya 1998 yaliongeza daftari la kila siku la matukio, lililo wazi kwa yeyote anayeomba kulisoma.

Maneno "kwa wakati" yalikuja kupimwa kwa damu. Asubuhi ya tarehe 16 Aprili 2007, mnamo saa 1:15, wanafunzi wawili walipigwa risasi katika bweni la Virginia Tech, mjini Blacksburg. Polisi walidhani ni ugomvi wa mapenzi na kwamba muuaji ameshaondoka, wakamfuatilia kijana asiyehusika. Barua pepe ya kuwaarifu wanafunzi ilitumwa saa 3:26. Dakika chache baadaye muuaji, naye mwanafunzi, alianza kufyatua risasi katika jengo la Norris, akiwa ameifunga milango ya kutokea kwa minyororo kutoka ndani. Siku ile waliuawa watu 32. Miaka 21 baada ya Bethlehem, milango iliamua tena hatima ya wanafunzi, safari hii kwa kutofunguka.

Wachunguzi walitofautiana juu ya saa zile mbili. Waliokitetea chuo walisema kwamba onyo la haraka lisilo na uhakika lingeweza kuzusha taharuki, na kwamba uamuzi wa polisi ulikuwa wa busara kwa walichokijua. Waliokilaumu walijibu kwamba muuaji asiyekamatwa ni tishio, hata kama sababu ya kuua haijulikani. Wizara ya Elimu ilichukua upande wa pili na kutoza faini ya dola 55,000. Mjadala huu haujafa, lakini sheria ilifanya uchaguzi wake mwaka 2008: hatari ya maisha ikithibitishwa, chuo kiwaarifu watu mara moja. Ndiyo maana leo mwanafunzi aliyetoka Kisumu au Arusha kwenda kusoma Marekani hushtuliwa na ujumbe wa simu usiku wa manane, ukimwambia akae ndani na ajifungie, hata kama tukio liko upande wa pili wa chuo.

Baada ya hapo sheria ilipanuka haraka. Mwaka 2013 iliongezewa ukatili wa nyumbani, ukatili wa wapenzi na tabia ya kumnyemelea mtu kwa kumtisha. Faini nazo zikapanda: karibu dola milioni 2.4 kwa Penn State mwaka 2016, milioni 4.5 kwa Michigan State mwaka 2019, na milioni 14 kwa Chuo Kikuu cha Liberty mwaka 2024. Mwishoni mwa 2024 Bunge likavitaka vyuo vihesabu pia mateso wanayofanyiwa wageni wanaojiunga na vyama vya wanafunzi.

Je, uhalifu umepungua kwa sababu ya sheria hii? Hapa inafaa kuwa mwangalifu. Uhalifu ulishuka Marekani nzima tangu miaka ya mwanzo ya 1990, hata mahali ambapo hakuna chuo, kwa hiyo si haki kuipa sheria moja sifa yote. Isitoshe, wanafunzi wengi hawaisomi ripoti yenyewe. Na takwimu zina mtego wake, kwa kuwa chuo kinachowatia moyo waliobakwa waseme kitaonyesha idadi kubwa kuliko chuo kinachowanyamazisha, na mzazi asiyejua hilo atakikimbia cha kwanza na kukimbilia cha pili. Lakini kabla ya 1990 mzazi huyo asingekuwa hata na karatasi ya kumpotosha. Sasa anayo, na akijua kuisoma, anaweza kuuliza kwa nini chuo chenye maelfu ya vijana kimeandika sifuri.

Katika ofisi za polisi wa vyuo vya Marekani daftari la siku lipo. Kila mstari una aina ya kosa, tarehe na saa, mahali pa jumla, na hatua kesi ilipofikia. Kinachoingia kinapaswa kuandikwa ndani ya siku mbili za kazi, na kurasa za siku 60 za karibuni ni lazima ziwe tayari saa za kazi kwa yeyote atakayeziomba, awe mwanafunzi, mwandishi wa habari, au mama aliyesimama kaunta akiwa bado hajaamua kama atamwacha binti yake pale.