Pembe za Shamba: Haki ya Maskini na Wajibu wa Kanisa Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanatetea hoja kwamba wajibu wa Mkristo kwa maskini ni suala la haki kabla ya kuwa suala la huruma. Kwa kuzingatia sheria za Torati, mwenendo wa kanisa la Yerusalemu na uzoefu wa Tanzania tangu Azimio la Arusha, yanapendekeza kwamba kanisa lijifunge kwa kanuni katika shule, hospitali na bajeti zake.

Huruma na mipaka yake

Makanisa yetu hayakosi huruma. Msiba ukitokea, jumuiya hukusanyika. Krismasi na Pasaka zikikaribia, unga, mchele na sabuni hupelekwa kwa wajane na kwenye vituo vya yatima. Lakini misaada hiyo yote hutegemea moyo wa mtoaji. Akiguswa, hutoa, akichoka, maskini hulala njaa na hakuna anayeulizwa. Biblia haikumwacha maskini katika hali hiyo.

Sheria ya masazo

Mambo ya Walawi 19:9-10 inamkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni au kurudi kuokota masazo. Kumbukumbu la Torati 24 inaongeza kwamba hata mganda uliosahaulika usifuatwe: ni wa mgeni, yatima na mjane. Katika sheria hii mwenye shamba hachagui nani aingie, na maskini hapigi magoti mlangoni kwa mtu. Anaingia shambani, anaokota kwa mikono yake, anaondoka na chakula cha watoto wake. Ruthu, mjane wa Kimoabu, alianza kuokota masuke kabla Boazi hajauliza yeye ni nani. Wema wa Boazi ulikuwa mkubwa, ila ulijengwa juu ya haki iliyokuwapo tayari.

Wapo wanaojibu kwa maneno ya Yesu katika Mathayo 26:11, kwamba maskini watakuwapo siku zote. Hoja hiyo haisimami. Maneno hayo yanarejea Kumbukumbu la Torati 15:11, ndani ya sura inayoagiza madeni yafutwe kila mwaka wa saba na inayotamka, katika aya ya 4, kwamba pasiwepo maskini kati ya watu wa Mungu. Kuendelea kuwapo kwa maskini ndiyo sababu ya amri ya kuwafungulia mkono, wala si kisingizio cha kuufumba.

Luka aliielewa sura hiyo vizuri. Katika Matendo 4:34 anaeleza kwamba waamini wa Yerusalemu hawakuwa na mhitaji kati yao. Sura mbili baadaye, wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuishia kuwahimiza watu watoe zaidi, bali walibadili utaratibu. Wakachaguliwa watu saba, wote wenye majina ya Kigiriki, jambo linaloashiria kwamba upande uliolalamika ndio uliokabidhiwa usimamizi.

Uzoefu wa Tanzania

Oktoba 1970, miaka mitatu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwahutubia masista wa Maryknoll katika jimbo la New York. Akiwa Mkatoliki, aliwaambia kwamba umaskini unatokana na mifumo, na kwamba kanisa lisiloshiriki kuipinga mifumo hiyo litapoteza maana kwa watu. Changamoto hiyo leo inaligusa kanisa likiwa mmiliki. Makubaliano ya mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa yaliimarisha ushirikiano katika elimu na afya, na katika wilaya kadhaa hospitali ya kanisa ndiyo hospitali teule. Hata hivyo, shule nyingi za sekondari za makanisa zinaendeshwa kwa ada ambazo mkulima wa jembe la mkono hawezi kuzilipa, hata pale sadaka yake iliposaidia kuzijenga.

Wasimamizi watasema kwamba walimu lazima walipwe na dawa lazima zinunuliwe. Ni kweli. Lakini Torati haikumwambia mwenye shamba agawe shamba lote. Ilimwambia asivune pembe. Shule ya kanisa inaweza kuandika katika kanuni zake sehemu ya nafasi ambazo ni za watoto wa maskini, na kuipangia fedha kila mwaka kama inavyopanga mishahara. Hospitali inaweza kufanya vivyo hivyo kwa wagonjwa wasio na bima. Usharika na parokia zinaweza kuwasomea waamini kila mwaka ni kiasi gani cha sadaka kimewafikia wahitaji, na kuwaweka wahitaji wenyewe kwenye kamati inayogawa. Na kanisa linaloonya waajiri kwa Yakobo 5:4 lianze kwa kumlipa mlinzi na mwalimu wake wa chekechea kwa wakati.

Sauti ya kanisa nje ya taasisi zake ina uzito pia. Kampeni ya Jubilei 2000, iliyochota fikra yake katika Walawi 25 na kuungwa mkono na makanisa ya nchi nyingi, ilisaidia kuzisukuma nchi tajiri zipunguze madeni. Tanzania ilipata unafuu huo mwaka 2001, ada ya shule za msingi ikafutwa, na wanafunzi wakaongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005. Hakuna mnada wa baada ya ibada ungeweza kufikisha watoto wengi kiasi hicho darasani.

Hitimisho

Huruma itaendelea kuhitajika, kwa kuwa kanuni haimfariji mgonjwa wala haimziki mfu. Lakini huruma peke yake humwacha mtoaji akiwa bwana wa riziki ya mwenzake. Sinodi, mabaraza ya maaskofu na halmashauri za sharika zina mamlaka ya kutunga kanuni hizi sasa, bila kusubiri serikali wala mfadhili. Zikizikataa, zieleze kwa hoja ni kwa nini sheria iliyomlinda Ruthu isimlinde mjane wa kijijini kwetu.