Sayansi ya umma: ndege wa Kilifi na wanaowaandika

Utafiti unaofanywa kwa kujitolea na watu wasioajiriwa kama wanasayansi una majina mawili katika Kiswahili. Wapo wanaouita sayansi ya raia, wakifuata Kiingereza hatua kwa hatua. Wengine husema sayansi ya umma.

Kazi yenyewe yaonekana vizuri katika Kenya Bird Map, ramani ya ndege iliyoanza 2013. Nchi imegawanywa katika miraba ya kilomita 9 hivi kila upande. Anayejitolea huchagua mraba, tuseme kule Kilifi, wenye hori la Mida au ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, akauzunguka kwa muda usiopungua saa mbili, akiandika kila aina ya ndege kwa mfuatano aliowaona au kuwasikia. Anaweza kuongeza majina hadi siku ya tano, kisha orodha hufungwa. Atlasi ya ndege wa Kenya ya mwaka 1989 ilitumia miraba ya kilomita 55 hivi, kwa hiyo Malindi na Watamu zilihesabiwa mahali pamoja.

Masharti ni machache, na hiyo ndiyo nguvu yake: mwongoza watalii na profesa hufuata utaratibu uleule, orodha zao zikalinganishwa. Ndege asiyetarajiwa mahali fulani hapokelewi hivi hivi. Rekodi yake hukaguliwa kwanza. Bila ukaguzi huo, kujitolea kungezaa uvumi tu.

Macho ya wenyeji yana thamani kubwa hapa. Kwera wa Clarke, asiyejulikana popote duniani nje ya Kaunti ya Kilifi, aliingia katika vitabu vya sayansi mwaka 1913. Alikozalia hakukujulikana kwa karne nzima, mpaka Machi 2013, viota vyake vilipopatikana Dakatcha, kaskazini magharibi mwa Malindi, katika kinamasi cha msimu chenye majani ya jamii ya ndago. Shirika la A Rocha Kenya la Watamu lilikuwa likimtafuta pamoja na watu wa huko.

Kwa kazi ya namna hii, raia ni neno finyu. Linaleta habari za kitambulisho, na nchini Kenya husikika pia kama kinyume cha askari. Mgeni anayehesabu ndege Mida kwa wiki moja analo jina gani? Umma humchukua yeye na mkulima wa Magarini. Tena huleta maana ya mali ya umma, nayo yafaa: rekodi hizo hurudi kwenye ramani ambayo yeyote aweza kuifungua, akaona mraba wa kwao una ndege gani.